Asilimia 65: Mswada wa Bima ya Afya wa 2004 na Hatima ya Sheria za Ustawi wa Jamii katika Bunge la Kenya

Kauli inayorudiwa sana katika maandishi kuhusu historia ya afya nchini Kenya husema kwamba nchi hiyo ilikaribia kupata bima ya afya kwa wananchi wote mnamo Desemba 2004, Bunge lilipopitisha Mswada wa Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Afya ya Jamii, lakini Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini, na mambo yakaishia hapo. Kauli hiyo imezoeleka kiasi kwamba huandikwa bila ufafanuzi, na lawama au sifa huelekezwa Ikulu moja kwa moja, kwa kutegemea kama mwandishi aliupenda mswada au hakuupenda. Ina ukweli ndani yake, kwa maana Rais alikataa kweli kuuidhinisha na akaurudisha kwa marekebisho; hata hivyo inaikatisha historia mahali ambapo sheria ya nchi haikuikatisha. Katiba iliyotumika wakati huo ilikuwa na kifungu cha 46, ambacho kilieleza kwa kirefu mswada unapelekwa wapi baada ya Rais kuukataa, nani anaushika, kwa siku ngapi, na kwa kura ngapi unaweza kuwa sheria hata kama Rais hautaki. Waandishi wengi wamekipita kifungu hicho bila kukisoma, ilhali ndicho kinachobadilisha swali lote, kwa sababu kinaonyesha kwamba mswada uliokataliwa ulikuwa bado hai na ulikuwa umerudi mikononi mwa Bunge lenyewe.

Usuli wa jambo hili unafahamika na hauhitaji kurefushwa. Hospitali za enzi ya ukoloni ziligawanywa kwa rangi ya watu. Serikali ya Jomo Kenyatta ilifuta mwaka 1965 ada ya Sh 5 waliyotozwa wagonjwa wa nje, yaani wale wanaotibiwa na kurudi nyumbani bila kulazwa. Mwaka huohuo ulitolewa Waraka wa Kikao Nambari 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, na hapa inafaa kueleza kwamba waraka wa kikao ni andiko la sera ambalo Serikali huliwasilisha Bungeni ili lijadiliwe na kukubaliwa, ingawa lenyewe halina nguvu ya sheria. Kibaki, aliyekuwa mwanauchumi kijana serikalini, hutajwa pamoja na Tom Mboya miongoni mwa walioshughulikia uandishi wake. Mwaka 1966 ikatungwa sheria ya Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, inayojulikana zaidi kwa herufi za NHIF, iliyowalazimu waajiriwa waliopata Sh 1,000 au zaidi kwa mwezi kuchangia Sh 20 ili wakilazwa wagharamiwe. Mwaka 1972 wasioajiriwa waliruhusiwa kujiunga kwa hiari, mwaka 1990 michango ikapangwa kwa ngazi za mapato, na mwaka 1998 sheria mpya ikaitoa Hazina hiyo katika Wizara ya Afya na kuifanya shirika la umma lenye bodi yake. Hatua zote hizo ziliwagusa zaidi wenye mshahara wa mwezi. Mkulima wa Kitui na mvuvi wa Lamu walibaki nje ya mlango, labda wawe na fedha za kujiunga kwa hiari.

Jambo moja la kipindi hicho linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu linaeleza vizuri uhusiano wa Bunge na afya ya umma. Mnamo Desemba 1989 Serikali ya Daniel arap Moi ilianzisha utaratibu wa kuchangia gharama, ambao kwa maneno mepesi ulikuwa ni kurudisha ada katika hospitali na vituo vya afya vya umma. Mwaka 1990 ada za wagonjwa wa nje zikasitishwa baada ya wagonjwa kupungua na malalamiko kuzidi, kisha zikarudishwa tena kwa awamu. Maamuzi hayo mazito, yaliyoamua ni nani atatibiwa na ni nani atabaki nyumbani na ugonjwa wake, yalikuwa maamuzi ya kisera ya Serikali na hayakungoja mswada upite hatua zake zote Bungeni. Waziri wa Afya tangu 1988 hadi alipojiuzulu Desemba 1991 alikuwa Mwai Kibaki, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameiongoza Wizara ya Fedha kwa zaidi ya miaka 10. Mtu aliyekuja kuukataa mswada wa 2004 alikuwa basi ameishughulikia hesabu ya afya ya Wakenya akiwa mwandishi wa sera, mlinzi wa fedha za umma na msimamizi wa hospitali zenyewe. Hakuna rais mwingine wa Kenya aliyeufikia mswada wa afya akiwa na ujuzi wa aina hiyo, na wasimulizi wanaomchora kama kiongozi aliyeshauriwa vibaya na watu wa pembeni wanamwondolea jukumu ambalo historia yake haimruhusu kuondolewa.

Ili kisa cha 2004 kieleweke, ni lazima kwanza ieleweke njia ambayo mswada ulipitia katika Bunge la enzi hiyo, lililokuwa na chumba kimoja tu tangu Seneti ya kwanza ilipofutwa mwaka 1966. Mswada, yaani pendekezo la sheria lililoandikwa kwa vifungu, ulitangazwa kwanza katika Gazeti Rasmi la Serikali ili wananchi na wabunge waupate. Kisha ulisomwa kwa mara ya kwanza, hatua ambayo ni ya kutaja jina lake tu bila mjadala. Baada ya hapo ulipelekwa kwa kamati ya idara inayohusika, ambayo kwa mambo haya ilikuwa Kamati ya Afya, Nyumba, Kazi na Ustawi wa Jamii. Jina la kamati hiyo lenyewe linaonyesha jinsi Bunge lilivyoyaweka magonjwa, makazi, ajira na umaskini katika kapu moja, na katika hilo Bunge lilikuwa na busara kuliko wizara, ambazo kila moja ilijali mpaka wake. Katika kusomwa kwa mara ya pili wabunge hujadili misingi ya mswada. Katika Kamati ya Bunge Zima, ambapo Bunge lote hugeuka kuwa kamati, huupitia kifungu kwa kifungu na kuleta marekebisho. Na katika kusomwa kwa mara ya tatu hutoa uamuzi wa mwisho. Uamuzi wa kawaida hupatikana kwa sauti, wanaokubali wakisema ndiyo na wanaopinga wakisema la, naye Spika akaamua ni upande upi umesikika zaidi, isipokuwa wabunge wakidai wahesabiwe.

Mambo mawili ya Katiba ya zamani yaliizunguka njia hiyo. La kwanza ni kifungu cha 48, kilicholikataza Bunge kushughulikia mswada wowote unaotoza kodi au unaochota katika Hazina Kuu ya Serikali pasipo pendekezo la Rais lililowasilishwa na waziri. Kwa kuwa ni vigumu kutibu watu bila kutumia fedha, kifungu hicho kiliuweka karibu kila mswada wa maana wa afya chini ya mamlaka ya Serikali kabla haujasomwa hata mara moja. La pili ni akidi, yaani idadi ya chini ya wabunge wanaotakiwa kuwapo ili kikao kiwe halali, ambayo kifungu cha 51 kiliiweka kuwa wabunge 30. Bunge la Tisa lilikuwa na wabunge 222 wenye kura, 210 wa kuchaguliwa na 12 wa kuteuliwa. Kwa hiyo mswada wa bima ya nchi nzima ungeweza kupita hatua zote kwa sauti za sehemu ndogo sana ya wabunge, na hesabu hiyo inakuwa na uzito mkubwa tunapofika Ikulu.

Miaka miwili tu kabla ya mswada wa bima, Wakenya walikuwa wameonyeshwa kwamba sheria ya afya inaweza kubomolewa hata baada ya kupitishwa na kuidhinishwa. Mwaka 2001 Bunge lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwanda, ambayo, licha ya jina lake, ilikuwa miongoni mwa sheria kubwa za afya za wakati huo, kwa kuwa iliruhusu dawa za kupunguza makali ya UKIMWI kuagizwa kwa bei nafuu kutoka nchi nyingine bila kungoja hiari ya mwenye hataza, yaani haki ya pekee ya uvumbuzi. Mwaka uliofuata, kupitia mswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali, ambao kwa desturi hukusanya masahihisho madogo ya sheria nyingi katika kitabu kimoja na kwa hiyo husomwa kwa macho mepesi, kiliingizwa kipengele kilichorejesha sharti la ruhusa ya mwenye hataza. Watetezi wa wagonjwa walikigundua, wakapiga kelele, na Bunge likakifuta mwaka huohuo wa 2002. Kisa hicho kifupi kinafundisha zaidi kuhusu uwezo wa Bunge kuliko hotuba nyingi: wabunge waliopitisha kosa bila kuliona walipata njia ya kulisahihisha ndani ya miezi michache, kwa sababu kulikuwa na watu nje ya Bunge waliokuwa wakiwatazama na kuwadai majibu.

Serikali ya NARC, muungano ulioshinda uchaguzi wa Desemba 2002, iliingia madarakani ikiwa na ahadi za huduma za jamii. Elimu ya msingi bila malipo ilianza Januari 2003, na afya ikatarajiwa kufuata. Wizara ya Afya ilikabidhiwa Charity Ngilu, Mbunge wa Kitui ya Kati, ambaye mwaka 1997 alikuwa amegombea urais. Kikosi kazi cha wataalamu wa sekta mbalimbali kiliandaa mapendekezo, Shirika la Afya Duniani na shirika la ushirikiano wa kiufundi la Ujerumani, GTZ, yakatoa wataalamu wa kukadiria gharama, na mwaka 2004 ukatolewa Waraka wa Kikao Nambari 2 kuhusu bima ya afya ya jamii. Mwaka huohuo Wizara ilipunguza ada katika ngazi za chini hadi Sh 10 kwenye zahanati na Sh 20 kwenye kituo cha afya, mpango uliojulikana kama kumi-ishirini, na kwa mara nyingine ada za wagonjwa zilibadilishwa kwa uamuzi wa Wizara. Bima, hata hivyo, haikuweza kuletwa hivyo, kwa kuwa ilihitaji kumlazimisha kila Mkenya kuwa mwanachama, kumkata mwenye mshahara, kumtoza aliyejiajiri, na kuibebesha Serikali mchango wa maskini. Mambo kama hayo hayawezi kufanywa bila sheria.

Mswada ulikusudia kuigeuza NHIF iwe hazina ya watu wote na kugharamia matibabu ya nje na ya kulazwa pia, na wazo lililoubeba ni kwamba mwenye afya amchangie mgonjwa na mwenye kipato amchangie asiye nacho. Wazo hilo lilikuwa sahihi, na linahitaji kutetewa leo kama lilivyohitaji wakati ule. Nchi ambayo familia ziliuza ng'ombe au kipande cha shamba ili kumtoa mgonjwa hospitalini, na ambayo Makamu wake wa Rais, Michael Kijana Wamalwa, alikuwa amefia katika hospitali ya London Agosti 2003, ilikuwa na kila sababu ya kutaka utaratibu wa kuwalipia watu kabla hawajaugua. Miezi michache baada ya mswada kupitishwa Bungeni, Mei 2005, Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuzihimiza nchi wanachama kugharamia afya kwa michango ya mapema na bima ya jamii, jambo ambalo Bunge la Kenya lilikuwa limekwisha kulipigia kura.

Upinzani ulitoka pande kadhaa, na pande hizo hazistahili kutendewa sawa. Kampuni za bima na mashirika binafsi ya kugharamia matibabu yalipinga kwa sababu yangepoteza wateja wenye mishahara, na ingawa yalizungumza lugha ya ushindani na uhuru wa kuchagua, hayakuwahi kuonyesha namna ambayo uhuru huo ungemfikia mtu asiye na chochote cha kuchagulia. Waajiri walilalamikia gharama ya kuajiri. Walimu, kupitia chama chao cha KNUT, walikuwa na hoja nzito zaidi, ambayo wasimulizi wa mswada huu huipuuza kwa haraka isiyofaa: walikuwa wakipokea posho ya matibabu iliyopatikana kwa miaka ya madai na migomo, nao wakaona kwamba posho hiyo ingemezwa na mchango mpya utakaopelekwa kwenye shirika, NHIF, ambalo sifa yake ya kutunza fedha za wanachama ilikuwa imechafuka. Kumwambia mfanyakazi aache haki aliyo nayo mkononi kwa ajili ya ahadi iliyo mikononi mwa asiyemwamini ni kumtaka imani ambayo Serikali yenyewe haikuwa imeifanyia kazi. Utafiti wa Timothy Abuya, Thomas Maina na Jane Chuma, uliochapishwa mwaka 2015 baada ya watafiti hao kuzungumza na wahusika wa kipindi hicho, unalipa suala hilo la kutoaminiana nafasi kubwa, na kwa hilo ndio kazi inayofaa kusomwa kwanza na yeyote anayetaka kuelewa mswada huu.

Wizara ya Fedha, chini ya Waziri David Mwiraria, ilikuwa na swali lake la siku zote: fedha za maskini zitatoka wapi, na je, mapato ya nchi yanaweza kuzibeba mwaka baada ya mwaka. Swali hilo lilikuwa halali. Lisilokubalika ni wakati lilipoulizwa kwa nguvu, kwa maana mswada huu ulikuwa wa Serikali, uliletwa na waziri wa Serikali, na katika mfumo wa uwajibikaji wa pamoja baraza la mawaziri hutakiwa kumaliza ubishi wake wa fedha kabla mswada haujachapishwa katika Gazeti Rasmi. Wizara mbili za serikali moja zilipovutana hadharani juu ya hesabu zilezile, Bunge lilijikuta likipiga kura juu ya jambo ambalo Serikali yenyewe haikuwa imeliamua.

Yapo pia maelezo yanayodai kwamba wafadhili wa nje ndio walioua mswada, na ni maelezo yanayopendwa kwa sababu hayamlaumu Mkenya yeyote. Hayasimami yakipimwa. Wafadhili hawakuwa kundi moja. Wajerumani na Shirika la Afya Duniani walikuwa wameushughulikia mswada tangu ukiwa karatasi za hesabu, huku wengine wakiwa na mashaka juu ya gharama zake. Pia hakuna mfadhili aliyekuwa na kura katika Bunge la Kenya wala kalamu ya kuidhinisha sheria. Ushawishi wao ulipitia katika ofisi za Wakenya, na maamuzi yalifanywa na Wakenya.

Hapa ndipo kifungu cha 46 kinapochukua nafasi yake. Rais alipewa siku 21 tangu kupelekewa mswada ili amjulishe Spika kama ameuidhinisha au ameukataa. Akiukataa, alitakiwa katika siku 14 kumpelekea Spika taarifa ya maandishi ikitaja vifungu mahususi anavyotaka vifikiriwe upya na marekebisho anayoyapendekeza. Bunge, likiipokea taarifa hiyo, lililazimika kuufikiria tena mswada, na lilikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kuyakubali mapendekezo ya Rais, yalivyo au yakiwa yamerekebishwa, na kuurudisha mswada kwake. Njia ya pili ilikuwa kuyakataa na kuupitisha mswada katika hali yake ya awali kwa azimio lililoungwa mkono na si chini ya asilimia 65 ya wabunge wote, na hapo Rais alitakiwa auidhinishe katika siku 14 bila hiari nyingine. Asilimia 65 ya wabunge 222 ni wabunge 145.

Idadi hiyo ya 145 ikiwekwa kando ya akidi ya wabunge 30, siri ya kisa hiki inaanza kufunuka. Bunge lililoweza kuupitisha mswada Desemba kwa sauti ya ndiyo lilitakiwa sasa kusimama na kuhesabiwa, kila mbunge kwa jina lake, mbele ya Rais ambaye wengi wao walikuwa katika serikali yake au walitaka kuingia humo. Azimio hilo halikupatikana. Hata njia ya kwanza, ambayo ingehitaji kura za kawaida tu na ingeuokoa mswada kwa kuupunguza, haikuzaa sheria. Hilo ndilo jambo ambalo kauli ya kwamba Kibaki aliua mswada hulificha: Rais alikuwa na mamlaka ya kuuzuia kwa muda, wala hakuwa na mamlaka ya kuufuta. Wabunge waliojigamba majimboni kwamba walipigia kura bima ya afya walikuwa na nafasi ya kuipigia kura mara ya pili, kwa gharama kubwa zaidi kwao wenyewe, na hawakuitumia.

Mtu anaweza kusema kwamba hali ya siasa haikuruhusu, na hoja hiyo inastahili uvumilivu. Mwaka 2005 ulimezwa na ubishi juu ya rasimu ya Katiba. NARC iligawanyika, kura ya maoni ya Novemba 21 ikaiangusha rasimu ya Serikali, na siku mbili baadaye Kibaki akalivunja baraza zima la mawaziri. Ngilu alirudi katika Wizara ya Afya na kubaki huko hadi alipofutwa kazi Oktoba 2007, baada ya kuhamia upande wa upinzani. Kukusanya wabunge 145 katika mazingira hayo kungekuwa kazi ngumu kweli. Lakini ugumu wa kazi si sawa na kutokuwapo kwake, na historia inayoacha kuitaja inawafundisha wasomaji kwamba Bunge halikuwa na la kufanya. Bunge la Tisa lilipovunjwa Oktoba 2007, kila mswada uliokuwa haujakamilika ulikoma nalo.

Mfano wa Tanzania husaidia kuona tofauti ya utaratibu. Katiba ya huko, katika ibara ya 97, inampa Rais uwezo wa kuurudisha muswada pamoja na maelezo, na Bunge likiupitisha tena kwa theluthi mbili, Rais hutakiwa kuukubali katika siku 21 au kulivunja Bunge, sharti ambalo linamfanya kila mbunge aweke kiti chake rehani. Pengine ndiyo maana ubishi mkubwa wa Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulifanyika kabla ya kura. Muswada huo ulisomwa mara ya kwanza Septemba 2022, ukaahirishwa huku chanzo cha fedha za kuwagharamia wasio na uwezo kikitafutwa, na ukapitishwa Novemba 2023. Kuchelewa huko kulilaumiwa sana, na bado kulikuwa na faida moja, kwamba swali la hazina liliulizwa mahali pake.

Nchini Kenya njia iliyofuatwa baada ya 2007 ilikuwa kukwepa mswada mkubwa. Viwango vya NHIF vilipandishwa kupitia mamlaka ya sheria ya 1998, na baada ya miaka ya kesi iliyohusisha muungano wa vyama vya wafanyakazi, COTU, viwango vipya vilianza Aprili 2015 vikifika hadi Sh 1,700 kwa mwezi. Katiba ya 2010 ilikuwa imeandika haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa katika ibara ya 43, ikaipa kaunti kazi ya kuendesha huduma za afya, ikarudisha Seneti, na katika ibara ya 118 ikalitaka Bunge kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria. Kutokana na hayo mswada wa ustawi wa jamii ulipata milango mipya ya kukwama. Sheria ya Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii ya 2013, inayohusu akiba ya uzeeni, ilibatilishwa na mahakama ya kazi Septemba 2022 kwa sababu Seneti haikuhusishwa, kisha Mahakama ya Rufani ikaubatilisha uamuzi huo Februari 2023, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikairudisha kesi katika Mahakama ya Rufani.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 ilipita kwa kasi ambayo Ngilu hakuwahi kuipata. Mabunge yote mawili yaliimaliza katika wiki chache, na Rais William Ruto akaitia saini Oktoba 19, 2023 pamoja na sheria nyingine tatu za afya, siku moja kabla ya Sikukuu ya Mashujaa iliyoadhimishwa Kericho, ambayo kaulimbiu yake ilikuwa afya kwa wote. Bunge lililowahi kushindwa kwa ukimya wake lilishindwa safari hii kwa haraka yake: Julai 12, 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu walitamka kwamba sheria tatu kati ya hizo nne zilikiuka Katiba, hasa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa vya kutosha, na wakakosoa vifungu vilivyofanya mchango kuwa sharti la kupata huduma. Majaji waliipa Serikali siku 120 kurekebisha kasoro hizo, Mahakama ya Rufani ikausimamisha uamuzi huo Septemba, na Oktoba 1, 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoundwa na sheria hiyo ya 2023, ikaanza kukusanya asilimia 2.75 ya mapato ya wafanyakazi, kima cha chini kikiwa Sh 300 kwa mwezi.

Kifungu cha 46, kwa upande wake, kiliingia katika Katiba mpya kikiwa ibara ya 115 na kikiwa na meno zaidi kwa pande zote mbili. Rais sasa ana siku 14 za kutia saini au kurudisha, na akinyamaza mswada huhesabiwa kuwa umeidhinishwa. Bunge likitaka kumshinda linahitaji theluthi mbili, ambazo katika Bunge la Taifa lenye wabunge 349 ni wabunge 233, na kama mswada unahusu kaunti, theluthi mbili za Seneti pia. Miswada ya afya, kwa jinsi kaunti zinavyoendesha zahanati na hospitali, karibu yote inahusu kaunti.